Kutu Niliyoipaka Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo, na mimi nimeanza daftari hili. Si langu. Ni la Baba, baba yake mume wangu, alikuja nalo siku aliyostaafu reli. Lina vyumba vya kuandika tarehe, hali ya hewa, behewa gani limeingia na lina ubovu gani. Hajawahi kuliandika hata neno. Ameniambia, "Andika kila siku, mwanangu. Siku isiyo na jambo andika hakuna jambo. Mtu akija kuuliza, daftari ndilo linajibu." Nikamwambia Baba, mimi niliishia darasa la sita, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu. Akasema kuku naye anajua anakokwenda.

Haya. Hali ya hewa: mvua. Behewa: la kumi na nne, tumelibandika ubavu mmoja. Ubovu: mwanangu Njiti amelamba gundi. Hajambo.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni akiingia sebuleni kwetu hana pa kukaa. Katikati upo mlango wa zamani tuliolaza juu ya madawati mawili, na juu ya mlango ipo stesheni nzima: jengo lenye saa ya kuchora, ghala la mizigo, tangi la maji, kibanda cha mshika bendera, na mabehewa kumi na matatu, kila moja urefu wa kiganja. Vyote ni maboksi ya dawa, makopo, waya, na vifungo vya chuma vya makoti. Vifungo ndiyo magurudumu. Jirani yetu mshonaji anatuwekea.

Baba alikuwa mpanga mabehewa miaka thelathini na moja. Ndiye anayesimama katikati behewa likija kuungana na jenzake. Kidole chake kimoja nusu kilibaki huko. Mimi nilipoolewa nilidhani anacheza, mzee mzima anakata maboksi. Baadaye Njiti akazaliwa, mdogo mwembamba ndiyo maana tukamwita hivyo, mume wangu akarudi kambini kwenye kazi yake ya kuchomelea, nikawa nakaa na Baba mchana kutwa. Mkono nao hauwezi kukaa bure. Nikashika wembe na rula.

Ninachopenda kuliko vyote ni kunyeshea, yaani kulichakaza behewa lionekane limepigwa na mvua miaka. Kujenga ni nusu tu ya kazi. Behewa likikamilika linang'aa kama sahani ya dukani, na Baba anasema hilo bado halijatembea, halina habari ya kusimulia. Basi tunalipa miaka. Masizi ya sufuria, chaki iliyokwanguliwa, na maji ya kutu tunayoyapata kwa kuloweka misumari kwenye siki. Brashi iwe karibu kavu. "Usipake tu kama unapaka ukuta," anasema. "Jiulize maji yameanguka wapi, yamepita wapi, yamekwama wapi. Kutu ikae yalipokwama." Na sehemu ya gurudumu inayogusa reli haipakwi kitu, iachwe iwake, kwa sababu inasuguliwa kila siku.

Siku hizi hata ukuta wa bafu nauangalia kwa macho mengine.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amepiga simu. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, ni mhudumu wa wodi mji mwingine, na akisema haloo lazima usogeze simu mbali na sikio. Humu ndani ya daftari, na humu tu, mimi namwita King'ora. Maswali yake ya kipolisi. Baba anakula? Analala? Anajibadilisha nguo mwenyewe? Anasahau sahau?

"Hajambo, wifi."

"Hajambo vipi?"

Hajambo kama watu wengine wasivyo na jambo! Sikusema hivyo. Nilisema hajambo tu, nikampa Njiti simu ailambe.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Baba amekata mlango wa ghala upande wa ukutani, ambako hakuna reli. Mlango huo gari moshi haliwezi kuufikia mpaka lipande juu ya nyumba. Nikamwambia kwa utani. Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua wembe, akakata wa pili, palepale upande wa ukutani, akaweka rula na kupima mara tatu kama kawaida yake.

Alipokwenda kujinyoosha nimeiziba yote miwili kwa karatasi na gundi, nikanyeshea juu. Haionekani.

Jumapili, 16 Machi

Wifi kapiga. Hajambo.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nilikuwa namkogesha Njiti. Mshonaji akaja anapiga hodi huku amemshika Baba mkono, Baba amevaa koti lake la mvua la kazini na buti.

"Mama Njiti, nimemkuta pale kona. Anasema anawahi zamu."

Nikacheka. Nikasema alikuwa ananitafutia kiberiti. Mshonaji akatazama buti, akanitazama mimi, akasema haya mama, akaenda zake.

Baba alikaa kitandani muda mrefu na buti zake. Nilipompelekea chai akili ilikuwa imerudi. Akasema taratibu, "Mwanangu, usimwambie dada yenu."

"Simwambii, Baba."

"Akijua atakuja kunichukua. Kule kwake kuna geti la chuma. Mimi nitafia nyuma ya geti kama mzigo usio na mwenyewe. Niahidi."

Nimemwahidi.

Naandika kwa nini, nisije nikasahau mwenyewe. Mimi sikulelewa na baba. Niliingia nyumba hii nina miaka kumi na tisa, sijui hata namna ya kumwamkia mzee wa kiume bila kutetemeka. Uchungu wa Njiti uliponishika mume wangu yuko kambini, Baba ndiye aliyenibeba mpaka barabarani, na nesi alipouliza nani ndugu wa mgonjwa, akasema mimi ndiye baba yake. Hakusema baba mkwe. Sitaki achukuliwe. Basi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimegundua dawa. Mikono yake ikiwa na kazi, miguu haitafuti njia. Asubuhi namwekea kadibodi, wembe na kazi ndogo: kata madirisha sita. Akimaliza namwambia kata mengine sita. Siku nne hajagusa buti. Tumemaliza la kumi na tano. Ameninyeshea paa la ghala vizuri mpaka nimetaka kulia, ukiliona utasema njiwa wamelala juu yake miaka ishirini.

Mambo yatakaa sawa. Ni mvua tu hizi, mtu mzima akifungiwa ndani anachanganyikiwa.

Jumapili, 23 Machi

Wifi. "Baba hajambo?" Hajambo, wifi, anakata madirisha. "Anakata na nini?" Na wembe. "Wifi, na mtoto yuko hapohapo?" Nikamwambia mtandao unakata.

Mume wangu naye kapiga. Nimemwambia Mzee anasahau kidogo. "Mzee wangu yule ni chuma," akasema. "Wewe mpe chai ya moto."

Ijumaa, 28 Machi

Ameniita Mama Watoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita marehemu mkewe. "Mama Watoto, koti langu limekauka?" Nikajibu limekauka. Ingekuwa kazi ngumu zaidi kusema mimi siye.

Koti nililificha nyuma ya kabati. Baadaye nimelikuta limetundikwa msumarini pake.

Jumapili, 30 Machi

Hajambo.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Bati limetoboka juu ya meza na maji yamechuruzika juu ya stesheni ya kweli, namaanisha ya maboksi. Tumeburuta meza, mimi huku yeye kule, Njiti chini yake anapiga makofi. Saa ya stesheni imevimba. Baba amefurahi kama nini. "Mwache Mungu mwenyewe anyeshee," akasema, "sisi tulikuwa tunamuigiza tu." Akili yake leo nyeupe kabisa. Alikumbuka mpaka jina la mbwa wa stesheni.

Siku kama hizi ndizo zinazonidanganya.

Jumamosi, 5 Aprili

La kumi na saba nimelijenga peke yangu mwanzo hadi mwisho! Baba alilala mchana kutwa. Behewa la mizigo, mlango wa kusukuma, ngazi ya waya, mpini wa breki wa sindano iliyopinda. Halafu nikalinyeshea. Sijui nielezeje. Nilianza na mstari mmoja wa kutu chini ya bawaba, ukatoka vizuri, nikaweka wa pili, nikashuka nao mpaka kwenye chasi, kwenye breki, nikaingia kwenye magurudumu. Kila nilipogusa palipendeza. Masizi juu, vumbi la chaki chini, kutu kila mahali. Limeonekana limetoka mwisho wa dunia na kurudi. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu hii, pamoja na kupika.

Nimeliweka kwenye reli mbele ya stesheni ili Baba aamke alikute.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika yote. Aliniambia daftari ndilo linajibu.

Baba aliamka akaenda moja kwa moja mezani. Akaliona. Akachukua miwani, akainama, akaligeuza juu chini. Mimi nimesimama mlangoni na sufuria ya uji nangoja sifa kama mtoto wa shule.

"Nani kaliingiza hili?" akauliza.

"Mimi, Baba."

"Wewe uliliona likiwa hivi?"

"Nililifanya hivyo mimi, Baba. Limependeza?"

Alipitisha kile kidole chake nusu kwenye gurudumu, akakiangalia. Nikadhani amekosa la kusema kwa kufurahi. Jamani! Nikaenda zangu nyuma nikicheka peke yangu.

Mvua ikaanza ghafla. Nguo za Njiti zilikuwa kambani. Nikatoka kuzianua, vipande kumi na mbili, nimevihesabu baadaye kichwani mara mia. Niliporudi mlango wa mbele ulikuwa wazi. Msumari hauna koti. Buti hakuna. Njiti niliyemwacha anakula uji sakafuni hayupo, na kijiko kimeanguka. Behewa la kumi na saba halipo juu ya meza.

Simu ilikuwa inalia pembeni. Ni Jumapili, nilijua ni nani. Sikuipokea. Nikatoka mbio bila viatu.

Mtaani maji yalikuwa kifundoni. Mshonaji akapiga kelele dirishani, "Kapita huku, kaelekea reli! Nilidhani uko naye!" Nikapita kwenye mashimo, nikaanguka, nikainuka. Njia nzima nasikia honi ya gari moshi la mizigo, sijui lilikuwa mbali au karibu, mvua inachanganya sauti. Nilikuwa nasema kitu kimoja tu, si wote wawili, si wote wawili. Mungu anisamehe, sijui nilikuwa namwambia amwache nani.

Geti la reli lilikuwa limefungwa na watu wamesimama. Mlinzi wa geti, mwanamume mnene mwenye mwavuli uliovunjika mbavu, alikuwa amemshika Baba kiunoni kwa mikono yote miwili kama wanacheza mieleka. Mabehewa yanapita nyuma yao, moja, moja, moja. Baba analowa mpaka ndevu zinachuruzika, na anafoka:

"Lisimamishe! La kumi na saba lisitoke! Kutu imeshika mpaka panapogusa reli, we huoni? Breki imegandia, gurudumu halizunguki. Litawaka moto njiani, lina watu mbele!"

"Mzee wangu, nimekusikia, nimeandika."

"Umeandika wapi? Daftari lako liko wapi?"

Mlinzi aliponiona akasema, "Huyu wako? Nimemtoa katikati ya reli, mama. Katikati kabisa, anainua mkono. Dakika moja tu." Akanyoosha kidole kimoja, akakiacha hewani.

Koti la Baba lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na limevimba. Nikalifungua. Njiti yuko ndani, kifuani mwa babu yake, mkavu, wa moto, analo behewa la kumi na saba mkononi. Akanicheka. Baba akanitazama usoni, yule aliyenibeba mpaka barabarani, akasema kwa adabu kabisa:

"Mama, sogea pembeni na mtoto wako. Hapa reli. Ni hatari."

Nimeelewa tukiwa njiani kurudi. Hakuchanganyikiwa kuhusu kazi yake. Gurudumu la behewa linalotembea linawaka pale linaposugua, yeye mwenyewe alinifundisha na nimeandika humu, nimerudi kuangalia, iko tarehe tano ya mwezi uliopita. Mimi kwa utamu wa brashi nikapaka kutu hadi pale. Kwa mtu wa reli behewa lile lilikuwa linasema kitu kimoja tu. Akalisoma, akavaa koti, akaenda kutoa taarifa, na kwa kuwa mtoto haachwi peke yake ndani ya nyumba akambeba. Alifanya sawa kila kitu. Mimi ndiye niliyemwacha mtoto.

Simu: mara saba, zote wifi. Ya nane nikapokea.

"Baba hajambo?"

Sikuweza kulisema. Nikalia tu. Na King'ora kwa mara ya kwanza alikaa kimya, nikasikia anapumua. Akasema chini chini, "Nakuja, wifi. Funga mlango."

Jumatatu, 7 Aprili

Wifi amefika saa nne na begi moja. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Baba ana homa.

Jumatano, 9 Aprili

Tumempeleka kliniki. Daktari ni mama mdogo mdogo mwenye haraka. Akaniuliza, "Mabadiliko yalianza lini? Yalikuja polepole au ghafla? Nipe tarehe mnazokumbuka." Wifi akageuka kunitazama. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari.

Nilisoma kwa sauti. Mlango wa ghala. Buti. "Mwanangu, usimwambie dada yenu." Nilitaka kuruka mistari lakini mimi nikiruka mistari napotea kabisa, lazima nisome na kidole. Basi nikasoma yote, na King'ora, na maswali ya kipolisi, na kumpa Njiti simu ailambe. Masikio yananiwaka moto. Daktari akaacha kuandika. Wifi akasema, "Endelea kusoma."

Daktari ametuambia jina la ugonjwa, akasema ni ubongo unaochakaa, si wazimu na si kulogwa. Haurudi nyuma. Dawa zitampunguzia wasiwasi tu. Asiachwe peke yake, hata muda wa kuchemsha chai. Akauliza nyumbani kuna watu wazima wangapi mchana. Nikasema mmoja. Akaandika.

Nje tulikaa kwenye benchi, Baba katikati amesinzia. Wifi akaanza:

"Kwa hiyo mimi ni King'ora."

"Wifi, nisamehe."

"Wodini wananiita Honi ya Baiskeli. Umenipandisha cheo." Halafu hakucheka. "Nilijua kabla yako, wifi. Kabla ya mvua alinipigia simu akaniuliza mama yuko wapi, mbona hajarudi. Mama aliyemzika mwenyewe. Sikumwambia mtu, hata mumeo. Nauona ugonjwa huu kila siku kwenye vitanda vya watu. Wewe unadhani kila Jumapili nilikuwa nakupeleleza? Nilikuwa nangoja useme hajambo. Ukishasema hivyo, wiki yangu inapita."

Nikamfunika Baba miguu. Mwezi mzima tumelindana kwa uongo mmoja, mimi huku yeye kule, kama tunaburuta meza.

Ijumaa, 11 Aprili

Homa imeshuka. Nimekwangua magurudumu ya lile behewa kwa msasa mpaka yakawaka. Baba hakulitazama.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nilimwomba wifi aende kulala chumbani, asitoke hata akisikia nini, nijaribu siku moja peke yangu. Naandika matokeo bila kujipendelea. Saa mbili Njiti kaomba choo, nikaenda naye, nikarudi Baba yuko uani amefungua komeo. Saa tatu maziwa yamefurika, nikageuka, Njiti kashika wembe. Saa tano Baba kajilowesha, nikawa nambadilisha, na yeye analia kwa aibu, na Njiti analia kwa sababu babu analia. Saa sita nilikaa sakafuni nimeshika koti la Baba mkono huu na gauni la Njiti mkono huu. Wifi alitoka bila kuitwa.

Jumapili, 13 Aprili

Mume wangu amepewa ruhusa ya siku moja. Tumekaa watatu alasiri, Baba amelala.

Wifi akaeleza: kwake kuna binti zake wawili wakubwa wanaopokezana, yeye mwenyewe ana zamu za kubadilisha, uwanja una ua. Mume wangu hata hakumngoja amalize. "Mzee haondoki kwake. Mke wangu si yupo nyumbani? Kazi yake nyingine nini?"

Wifi akakunja mikono. Alinitazama mimi, na hapo nikajua hatanisaidia kulisema, kwa kuwa anaona ni langu.

"Mama Njiti," mume wangu akasema. "Wewe mwenyewe unasemaje? Mwambie."

Nilikuwa nimejiandaa kusema nitaweza. Ndilo neno langu siku zote, nitaweza, mambo yatakaa sawa. Nikamwona mlinzi wa geti na kile kidole kimoja hewani.

"Aende," nikasema.

"Umemchoka baba yangu."

"Sijamchoka. Hata akiniambia nimbebe mgongoni nitambeba. Lakini nina macho mawili tu, na Baba anahitaji yote mawili, na mtoto wako anahitaji yote mawili."

Akatoka nje kwenye mvua. Alirudi shati limeganda mwilini, akakaa mlangoni, akamkalisha Njiti mapajani. Alipoondoka leo hii kurudi kambini aliweka kitasa kipya mlango wa mbele, juu, asikofika mtoto.

Jumanne, 15 Aprili

Nilisema nitamwambia mwenyewe. Nikangoja asubuhi akili ikiwa nyeupe. Alikuwa anakunywa chai.

"Baba, Jumamosi utakwenda kukaa kwa wifi."

Akaweka kikombe.

"Uliniahidi."

"Ndiyo, Baba. Niliahidi."

"Na sasa?"

"Sasa nimevunja."

Nilingoja anifukuze, anilaani, chochote. Mvua inapiga bati. Akauliza:

"Siku ile mtoto alilowa?"

"Hakulowa hata unywele, Baba."

"Basi," akasema. Akakinyanyua kikombe akamaliza chai. Halafu akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumefunga nguo. Mashati manne, suruali tatu, miwani, dawa. Nilitaka kumpakia stesheni aende nayo, nikatafuta boksi kubwa. Wifi akasema, "Muulize kwanza." Baba akaizunguka meza mara moja, mikono nyuma. "Kazi safi," akasema. "Nani fundi?" Nikasema ni baba yangu. "Mwambie nimemsifu." Imebaki.

Jumamosi, 19 Aprili

Wameondoka.

Gari lilikuja saa tatu, manyunyu tu. Dereva ni jamaa ya mshonaji, mpole. Tulimkalisha Baba nyuma karibu na dirisha, wifi upande wa pili. Mimi nimesimama kizingitini nimembeba Njiti, nimejiambia silii, na nilikuwa naweza. Dereva akawasha.

Baba akafungua mlango akashuka.

Tukamrudisha taratibu. Dereva akawasha. Akashuka tena. Mara ya tatu wifi akamshika mkono, "Baba, tunachelewa," na yeye akamgeukia kama bosi anavyomgeukia kibarua wa siku ya kwanza.

"Tutatokaje? Njia imeshikwa. Abiria hawajaondoka." Akaninyooshea kidole. "Mama na mtoto wale pale. Hakuna mzigo unaotoka kabla ya abiria."

"Baba, wale ndio wanaobaki."

"Nani kakwambia?"

Akakaa kitini lakini mlango ameuacha wazi na mguu mmoja chini. Akateremsha kioo, akainua mkono wake wote, kiganja kimenielekea, akakiteremsha taratibu. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote za mvua hizi.

"Haya, mama. Njia nyeupe. Nenda salama na mwanao."

Wifi akanitazama. Yule mwenye sauti ya kuamsha wodi, alikuwa anatingisha kichwa tu, machozi yanamfika kidevuni, ananiambia nenda.

Nikaingia ndani nikachukua kanga na mkoba, kwa sababu atauliza mbona abiria hana mzigo. Nikatoka. Nikampita dirishani nikasema, "Kwaheri, Baba." Akagusa paji la uso kwa vidole, heshima ya kazini.

Nikashuka mtaa wetu kama mtu anayesafiri. Njiti akaniuliza kwenye shingo, "Mama, twenda wapi?" Nikamwambia tunakwenda mbele. Baba alikuwa ananiangalia, nilihisi mgongoni, na nilijua hatafunga mlango mpaka nifike mwisho wa mtaa. Kwa hiyo sikusimama na sikugeuka. Nilipokata kona nikasikia mlango wa gari unafungwa, kisha gari linaondoka.